Mkalimani Hakuitwa Kutoa Ushahidi

Hotuba kwa wanafunzi wa ukalimani wa mahakamani na waandishi wa habari wa mahakama, Mombasa

Waheshimiwa walimu, wakalimani wenzangu, nanyi vijana mnaojiandaa kusimama kando ya kizimba, asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa kuzungumzia maneno ya Kiingereza ya wizi. Orodha ya maneno hayo mtaipata katika kamusi yoyote, kwa hiyo sitaisoma hapa. Nimekuja na jambo moja tu, nalo ni hili: karibu kila neno la wizi katika Kiingereza limebeba ndani yake maelezo ya jinsi wizi ulivyofanyika, wapi, au nani aliyeufanya. Ukilitamka, umeshaeleza. Na mkalimani hakuitwa mahakamani kueleza. Aliyekula kiapo kueleza ni shahidi.

Tuanze na sentensi mtakayoisikia kila wiki. Mama anapanda kizimbani, anaulizwa kilichotokea, anajibu: "Niliibiwa simu pale steji ya Kongowea."

Kwa Kiswahili hakuna kilichopungua hapo. Mnyambuliko umefanya kazi yote: iba, ibia, ibiwa. Aliyepoteza ametangulia, kilichopotea kimemfuata, na namna kilivyopotea bado haijasemwa. Huenda simu ilichomolewa mkobani asihisi kitu. Huenda ilikwapuliwa mkononi. Huenda vijana wawili walimziba njia, mmoja akamwonyesha kisu. "Niliibiwa" inayafunika yote hayo, na mama hajadanganya wala hajaficha. Anangoja tu aulizwe swali la pili.

Mkalimani mchanga huanza kwa kusema "I was stolen my phone". Kiingereza hakikubali, kwa sababu "I was stolen" maana yake ni kwamba mama mwenyewe ndiye aliyebebwa. Basi anageuka haraka, anasema "I was robbed of my phone". Sarufi imenyooka, hakimu anaandika, kesi inasonga mbele. Lakini sasa kwenye kumbukumbu ya mahakama pameingia mabavu ambayo shahidi hajayataja.

"Steal" hushika kitu. Unasema "steal a phone", "steal a goat". "Rob" hushika mtu au mahali: "rob a woman", "rob a bank". Anayesema "they robbed my phone" amekosea sarufi, na makosa hayo tunayasikia hata redioni. Ukitaka kukumbuka bila kukariri, angalia maneno haya yametoka wapi. "Steal" ni ndugu wa "stealth", mwendo wa kunyemelea, wa kufanya jambo mtu asione. "Rob" ni ndugu wa "robe", vazi. Mzizi wao wa kale ni nyara, vitu alivyovuliwa aliyeshindwa. Mwizi wa "steal" anakwepa macho yako, na mwizi wa "rob" anataka umtazame uogope.

Sheria yetu imeushika mpaka huo na kuutundikia miaka ya kifungo. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 ni kifungo kisichozidi miaka 3. Ukichomoa kitu mwilini mwa mtu, kifungu cha 279 kinafikisha miaka 14. Ukitumia nguvu au kitisho ili upate kitu hicho au ukizuie kisirudi kwa mwenyewe, umeingia kifungu cha 295, na hiyo ni "robbery". Kisha kipo kifungu cha 296, fungu la pili: ikiwa ulikuwa na silaha ya hatari, au mlikuwa wawili au zaidi, au ulimjeruhi au kumpiga mtu, sheria imeandika kifo. Ndiyo tunayoiita wizi wa mabavu. Tazameni ile "au". Wawili wasio na hata wembe mfukoni, wakimsukuma mtu na kumpokonya simu, wanaweza kushtakiwa kwa kifungu hicho. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini magereza yetu yamewaweka watu wengi chini ya hukumu hiyo. Wenzetu wa Tanzania huita unyang'anyi wa kutumia silaha, na kifungo chake hakipungui miaka 30.

Kwa hiyo, mama akisema "niliibiwa simu", semeni "My phone was stolen". Au "Someone stole my phone". Sentensi hizi mbili hazimwongezei mama neno wala hazimpunguzii. Kama alitishwa kwa kisu, kiongozi wa mashtaka atauliza, mama atajibu kwa kinywa chake, nanyi mtatafsiri kisu kitakapotajwa.

Kuna "niliibiwa" nyingine ambayo imezidi siku hizi. Mzee anapigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa wa kampuni ya simu, anaambiwa bonyeza hapa, weka namba ya siri, na pesa za M-Pesa zinaondoka. Mahakamani atasema "niliibiwa pesa zangu", na ni kweli kwa lugha yetu na kwa uchungu wake. Kiingereza kitataka kujua: nani aliyezituma? Ikiwa alizituma yeye mwenyewe kwa sababu alidanganywa, maneno yaliyo karibu ni "con", "swindle", "defraud", na shtaka huwa ni kujipatia mali kwa hila, kifungu cha 313. Hata hivyo msimtangulie mzee. Akisema "niliibiwa", "stolen" inatosha mpaka aeleze. Akisema "nilitapeliwa", hapo amechagua neno, mpeni "I was conned".

Sasa nitakaa kidogo kwenye mlango, kwa sababu mlangoni wengi hujikwaa.

Wizi wa nyumbani kwa Kiingereza una majina mawili ya kisheria, "housebreaking" na "burglary", na kinachoyatenga ni jua. Kwetu Kenya, kuvunja nyumba mchana kwa nia ya kutenda kosa ni hadi miaka 7. Ikiwa ni usiku, jina linakuwa "burglary" na miaka inakuwa 10. Usiku wenyewe umepimwa: tangu saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Waingereza kwa sheria yao ya 1916 waliupima tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kisha mwaka 1968 wakaacha kabisa kutenganisha usiku na mchana. Sisi tumebaki nao. Kwa hiyo shahidi akisema "walikuja magharibi", msimpe "at night" wala "in the evening" kwa kubahatisha. Magharibi ya Mombasa inaangukia palepale penye mpaka. Semeni "around the time of the sunset prayer", mwacheni hakimu aulize saa.

Lakini mtego mkubwa ni kitenzi "break". Kijana anasomewa shtaka kwa Kiswahili: ulivunja na kuingia nyumba ya fulani. Anaruka: "Mimi sikuvunja! Mlango ulikuwa umeshindikwa tu, nikausukuma." Kwa Kiswahili chake amekanusha vikali, na ana haki, maana kwetu kuvunja ni kuharibu. Kwa sheria, kifungu cha 303 kinasema kwamba kufungua mlango au dirisha lililofungwa kwa kusukuma, kuvuta, kuinua au kwa njia nyingine yoyote ni "breaking". Jibu hilohilo alilotoa kujitetea linaweza kumtia hatiani. Mkalimani akifupisha, akasema "He denies", amemficha kijana mbele ya hakimu. Akifupisha upande wa pili, akasema "He admits he broke in", amekiri kwa niaba yake. Semeni yote: hakuvunja, mlango haukufungwa kwa komeo wala ufunguo, aliusukuma. Na kama hajui kuwa kusukuma kunahesabiwa kuvunja, huo ni wajibu wa mahakama kumweleza, nanyi mtafsiri maelezo hayo polepole hadi ayaelewe.

Hapa ndipo kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1973, inapotuhusu sisi kuliko mtu mwingine yeyote chumbani. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza utaratibu: shtaka lisomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa karibu iwezekanavyo na maneno yake mwenyewe, kisha asomewe maelezo ya kisa, na akisema jambo linalotia shaka katika kukiri kwake, iandikwe kwamba amekana. Maneno yake mwenyewe. Hakimu anaandika kwa Kiingereza, kwa hiyo "maneno yake mwenyewe" ni yale yanayotoka kinywani mwako wewe mkalimani.

Mshtakiwa anasema "ni kweli nilichukua". Nimesikia hilo likitafsiriwa "It is true I stole" mara nyingi mno. Kuchukua ni "take". Kifungu cha 268 kinataka zaidi ya kuchukua: kinataka hila, na kinataka mtu awe hana dai la haki juu ya kitu hicho. Mtu aliyechukua baiskeli akiamini kwa dhati kwamba ni yake ameichukua, lakini kuiba bado hakujathibitishwa. Dada wa kazi anaweza kusema "nilichukua, hajanilipa miezi mitatu". Pengine sheria haitamwokoa kwa hilo, sijui, na wewe pia si kazi yako kujua. Kazi yako ni kuhakikisha miezi mitatu ile imefika kwenye karatasi ya hakimu.

Mtaniuliza, kwa nini Waingereza walikata wizi vipande vingi hivi? Kwa sababu sheria yao ilijengwa kesi kwa kesi, na kila pengo lililoonekana lilizibwa kwa neno jipya. Zamani, kuiba kwao kulikuwa kumwondolea mtu kitu kilichomo mikononi mwake. Mwaka 1473 mchukuzi mmoja alipewa marobota ayafikishe Southampton, akayafungua na kuchukua vilivyomo. Je, mtu anaweza kuiba alichokabidhiwa? Majaji walisumbuka, wakaamua kwamba alikabidhiwa robota, hakukabidhiwa vilivyomo ndani, kwa hiyo alipolifungua aliiba. Miaka zaidi ya 300 baadaye, mwaka 1799, karani wa benki London aitwaye Joseph Bazeley alipokea pesa za mteja kaunta, akatia noti ya pauni 100 mfukoni kabla haijaingia kwenye droo ya benki. Majaji wakasema hakuiba, kwa kuwa noti ile haikuwahi kuwa mikononi mwa benki. Akaachiliwa. Mwaka uleule Bunge likapitisha sheria ya "embezzlement", wizi wa mtumishi au karani aliyeaminiwa.

Na juu ya thamani ya kitu, historia yao inatisha. Tangu karne ya 13, wizi wa kitu kinachozidi peni 12 ulikuwa wizi mkubwa, na wizi mkubwa ulimpeleka mtu kwenye kitanzi. Mwaka 1699 wizi wa dukani wa bidhaa za shilingi 5 ukafanywa kosa la kifo. Wazee wa baraza waliokaa kusikiliza kesi hizo wakaanza kushusha bei kwa makusudi: bidhaa iliyo wazi kwamba ni ya thamani kubwa wanaiandika shilingi 4 na peni 10, ili aliyeiba asinyongwe. Mgawanyo wa wizi mkubwa na mdogo ulifutwa 1827. Naeleza haya ili mjue kwamba hata kwao wenyewe, uhai wa mtu ulining'inia kwenye namna kitu kilivyoandikwa.

Sasa sikilizeni jambo hili, hasa ninyi waandishi wa habari. Kanuni ya Adhabu tunayoitumia ilianza kazi Kenya mwaka 1930, ikachukua nafasi ya ile ya India. Asili yake ni kanuni aliyoiandaa Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, Australia, iliyopitishwa 1899. Griffith aliunganisha vile vipande. Katika kifungu chetu cha 268, anayechukua kitu cha mtu kwa hila, na anayegeuza kwa hila kuwa chake kitu alichokabidhiwa, wote kosa lao ni moja: wizi. Bazeley angefikishwa mahakama ya Shanzu leo, angeshtakiwa kwa "stealing by servant", kifungu cha 281, miaka 7. Mtumishi wa umma ana kifungu cha 280. Sheria imewaita wote kwa kitenzi kilekile inachomwita aliyeiba kuku.

Magazeti yetu hayafanyi hivyo. Kijana wa Likoni aliyeiba kuku, kichwa cha habari ni "Thief". Mhasibu aliyeiba milioni ni "embezzlement suspect". Akipanda cheo inakuwa "misappropriation", kisha "irregular expenditure", na juu kabisa pesa "zimepotea" zenyewe, "funds lost", hakuna mkono uliozigusa. Tume iliyoundwa 2003 kuchunguza ardhi ya umma na kutoa ripoti 2004, tuliyoizoea kwa jina la Tume ya Ndung'u, jina lake rasmi lilisema "Illegal/Irregular Allocation". Mkwaju ule katikati ya maneno mawili ndio ulinzi wa wakubwa. Wananchi walikwisha kuchagua neno lao siku nyingi: "grab", kunyakua. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipopigwa msitu wa Karura, walikuwa wanapinga unyakuzi, na kila mtu nchini alielewa.

Siwaambii mwite mtu mwizi kabla hajahukumiwa. "Alleged" na "accused of" ni haki ya kila mshtakiwa, na ninyi mtawajibika kortini mkisahau. Ninachotaka ni kipimo kimoja. Kama hati ya mashtaka ya bosi imeandika "stealing", andikeni "accused of stealing", kama mlivyomwandikia wa kuku. Kama mnatumia "embezzle" kwa kuwa alikabidhiwa mali hiyo, ni sawa, neno limesema kweli. Lakini mkilitumia kwa kuwa ni mtu wa suti, hapo mmemwombea.

Maneno mengine nitayapita haraka. "Pilfer" ni kudokoa, kidogo kidogo, aghalabu kazini. "Shoplift" ni kuiba dukani ukijifanya mnunuzi. "Mug" ni kumvamia mtu njiani, na ina mabavu ndani yake, kwa hiyo ichungeni kama "rob". "Nick" na "pinch" ni maneno ya Waingereza ya mtaani, yana wepesi unaomtukana aliyeibiwa. Mahakamani hayana nafasi. "Rustle" ni ya mifugo, na nayo ina uzito: wizi wa mifugo kwetu, kifungu cha 278, ni hadi miaka 14. Msiite "cattle rustling" uvamizi wa bunduki uliowaua watu kijijini kisha ng'ombe wakaondoka. Hayo ni mauaji, na ng'ombe wanafuata nyuma yake.

Limebaki "loot", na hili siwezi kulipita haraka. Kiingereza kililipata India, kutoka Kihindi, "lut", kupora, wakati wa utawala wa Kampuni ya Mashariki ya India. Tangu hapo magazeti yao yamezoea kulitumia kwa watu wanaovunja maduka siku ya ghasia. Lakini walipopora wao Maqdala kule Ethiopia mwaka 1868, na Benin, iliyo Nigeria ya leo, mwaka 1897, vitu vilipoingia makumbusho vilibadilishiwa kitenzi: "acquired", "collected".

Hapa Pwani tuna vyetu. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilichukuliwa na maafisa wa kikoloni, na imo British Museum tangu 1908. Wapokomo wanaidai. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, viling'olewa makayani na vijijini, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikafika Marekani na kusimamishwa kama sanaa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudi baada ya miaka zaidi ya 20, kwa sababu watafiti walikuwa na picha inayoonyesha vikiwa vimesimama mahali pake, na familia ilisema wazi: hatukuviuza, viliibwa. Kigango ni makazi ya roho ya mzee. Kukiandika "collected" ni kutoa hukumu kwa upande mmoja bila kumsikiliza wa pili. Mkitafsiri ushahidi wa mzee wa kaya kuhusu vigango, akasema "viliibwa", Kiingereza chake ni "stolen". Msiwalainishie wageni waliokaa mezani.

Hizo karatasi mlizogawiwa mlangoni zina mashtaka matano na majibu matano ya washtakiwa kwa Kiswahili cha Pwani. Baada ya chai tutakaa wawili wawili, mmoja asome, mwenzake atafsiri kwa sauti, na wengine tusikilize ni neno gani limeongezwa. Tutaanza na lile la mlango ulioshindikwa. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nayapokea maswali.